Mchezo wa Mabomu na Kiwanja cha Mama

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, ukumbi wa chakula, mbele ya wanachama na wanafunzi wa vidato vyote.)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, alipendekeza mada ya "Utumishi wa Umma na Maendeleo". Nilimjibu kwamba mada hiyo nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara nilisinzia. Nikamwomba ruhusa nizungumzie mchezo. Alinyamaza siku mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba nisizidishe dakika ishirini, maana wali haungoji mtu.

Mchezo wenyewe unaitwa Minesweeper, yaani mfagia mabomu. Wenzangu walioingia maofisini miaka ya 2000 wanaufahamu sana, na naona baadhi yao wanatazama chini, kwa kuwa wanakumbuka waliucheza saa ngapi. Uliandikwa na Robert Donner na Curt Johnson wa kampuni ya Microsoft. Ulitoka mwaka 1990 katika mkusanyiko wa michezo midogo midogo, na mwaka 1992 ukaingizwa ndani ya Windows 3.1. Ukakaa humo hadi mwaka 2012, toleo la Windows 8 lilipouacha nje. Ninyi vijana mnaweza kuupata hata kwenye simu, simu ambazo naambiwa hamruhusiwi kuwa nazo bwenini.

Ni mchezo mkavu. Hauna magari, hauna watu wanaopigana ngumi, hauna muziki. Kuna miraba ya kijivu tu, imepangwa kama karatasi ya grafu. Katika ngazi ya kwanza niliyoicheza mimi ilikuwa 81, na chini yake yamefichwa mabomu 10. Katika ngazi ya juu ilikuwa 480, na mabomu 99. Yaani takriban mraba mmoja katika kila mitano una bomu. Unabofya mraba. Ukiwa na bomu, umekufa, mchezo umekwisha. Ukiwa salama, mara nyingi unakuonyesha namba, na namba hiyo inakuambia jambo moja tu: katika miraba minane inayouzunguka mraba huu, mabomu ni mangapi. Hayo ndiyo maarifa yote unayopewa. Mengine utafute mwenyewe.

Wazee waliozoea bao wataniuliza tofauti iko wapi. Kwenye bao kete zote 64 mnaziona nyote wawili, hakuna kilichofichwa isipokuwa akili ya mwenzako. Huku ni kinyume chake. Hakuna mwenzako, na karibu kila kitu kimefichwa.

Hebu nichukue chaki hii. (Hapa msemaji alikwenda ubaoni.) Tazameni safu hii ya namba tatu: 1, 2, 1. Chini yake kote kumekwisha kufunguliwa. Juu yake kuna ukuta wa miraba iliyofungwa, mmoja juu ya kila namba, na ukuta unaendelea kulia na kushoto. Mabomu yako wapi? Mgeni atasema, tubahatishe. Lakini ngojeni. Hiyo 2 ya katikati inagusa miraba mitatu ya juu yake, basi miwili kati ya hiyo ina mabomu. Tuseme wa katikati una bomu. Basi mmoja wa jirani zake wawili lazima uwe nalo pia. Ukiwa wa kushoto, ile 1 ya kushoto itakuwa imegusa mabomu mawili, nayo imesema moja. Ukiwa wa kulia, 1 ya kulia italalamika vivyo hivyo. Kwa hiyo wa katikati ni salama, na mabomu yako juu ya zile 1 mbili. Hatukubahatisha hata kidogo, na wala hatukuhitaji kuona.

Ndugu Mwenyekiti, nilipoligundua hilo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mwalimu wetu wa Hisabati wa Kidato cha Tatu. Walio wa darasa langu, la waliomaliza mwaka 1997, wanamjua ninayemsema. Hakuwa mtu wa viboko. Ukipeleka jibu sahihi bila njia, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani amekuambia?" Ukipeleka jibu baya lenye njia nzuri, alikupa alama tatu kati ya tano. Tulimwona mwonevu. Wengine tulimpa jina hilohilo la "Naniamekuambia", na nadhani alilijua.

Wataalamu nao wameuheshimu mchezo huu. Mwaka 2000 Richard Kaye, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, alichapisha uthibitisho kuhusu swali hili: ukipewa ubao wenye namba kadhaa na miraba iliyofungwa, je, upo mpango wowote wa mabomu unaokubaliana na namba hizo? Alionyesha kwamba swali hili, ubao ukiwa mkubwa kadiri utakavyo, limo katika kundi la maswali magumu ambalo wanahisabati wa kompyuta wamehangaika nalo kwa miaka mingi. Atakayepata njia ya haraka ya kulijibu daima, au atakayethibitisha kwamba njia hiyo haipo, atakuwa amefumbua mojawapo ya mafumbo saba ambayo taasisi ya Clay ya Marekani iliyatangazia zawadi mwaka huohuo wa 2000, dola milioni moja kwa kila moja. Zawadi ya fumbo hilo haijachukuliwa. Nawaambia ninyi wa mchepuo wa sayansi, msije mkasema hamkuambiwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niuchague mchezo huu.

Nilitoka Chuo Kikuu mwaka 2005, nikapangiwa kazi katika ofisi ya ardhi ya wilaya moja ambayo sitaitaja. Mwaka uliofuata nchi yetu ilikuwa na ukame na mgawo mkubwa wa umeme. Umeme ukija, kompyuta yetu moja iliwaka, na kabla ya kuanza kazi nilijipa mchezo mmoja. Kisha wa pili. Nilifika ngazi ya juu. Nikajifunza pia ubaya wake, kwamba si kila ubao unafumbulika. Mara nyingine unafika pembeni, imebaki miraba miwili, bomu ni moja, na namba zote zilizopo hazisemi liko upande gani. Hapo hakuna hesabu. Ni kubofya na kuomba Mungu. Nilibofya sana. Nikifa, nilianza upya. Haikunigharimu hata senti.

Siku moja mkuu wangu wa kazi aliniagiza nitayarishe orodha ya viwanja vilivyo wazi katika kitalu fulani, ili wagawiwe waombaji. Kitalu kilikuwa na viwanja 48. Daftari la ugawaji lilikuwa limenyeshewa, kurasa mbili zimeshikana. Nikafanya kazi kama mchezaji hodari. Nikalinganisha majalada, stakabadhi, ramani ya mipango miji, barua za toleo. Kiwanja baada ya kiwanja nikathibitisha hiki kina mwenyewe, hiki hakina. Mwishoni vikabaki viwili vilivyopakana. Hesabu ya stakabadhi ilionyesha wazi kwamba kimoja kililipiwa na kimoja hakijalipiwa. Kipi? Karatasi hazikusema.

Mahali penyewe palikuwa kiasi cha kilometa arobaini. Gari la ofisi halikuwa na mafuta. Orodha ilitakiwa Ijumaa, na ile ilikuwa Alhamisi jioni. Nikaandika "wazi" kwenye kimoja, kile cha kaskazini. Nakumbuka mkono wangu haukusita. Ulikuwa umekwisha kuzoea.

Baada ya miezi minane aliingia ofisini mama mmoja wa makamo, amejifunga khanga mbili, ameshika mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akatoa stakabadhi mfukoni, zimekunjwa ndani ya karatasi ya sukari, hazina hata doa. Akasema, "Mwanangu, nimeambiwa ni wewe uliyeandika kwamba kiwanja changu hakina mtu."

Nikamwambia, "Mama, karatasi za ofisini hazikuonyesha."

"Na mwembe je? Marehemu mume wangu aliupanda mwaka tuliolipia. Umezidi paa sasa. Ungefika ungeuona."

Sikuwa na la kumjibu.

Kumbe aliyepewa kiwanja kile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwema kabisa, aliyekopa kwenye chama cha akiba na mikopo akachimba msingi na kununua mifuko ya saruji. Shauri lilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, likachukua miaka mitatu. Mama akashinda. Mwalimu akapewa kiwanja kingine, mbali zaidi, lakini saruji yake ilikuwa imekwisha kuganda na mkopo aliulipa hadi senti ya mwisho. Mimi nilipewa barua ya onyo. Mkuu wangu alinipa barua ile bila kunigombeza, akaniuliza tu kama ningepata mafuta Jumatatu ningekwenda. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi orodha ingekuja Jumanne."

Watu huniambia nilaumu daftari lililonyeshewa, au gari lisilo na mafuta. Ni kweli hayo yalikuwapo. Lakini viwanja 46 nilivitolea hoja, na viwili vya mwisho nikavitolea bahati, kisha nikaviandika vyote 48 kwa wino uleule, kana kwamba nina hakika sawa. Hilo halikufanywa na mvua. Ningaliweza kuandika maneno manne: "viwili hivi sina hakika". Katika mchezo hakuna mahali pa kumalizia kwa kuandika hivyo. Ofisini palikuwapo.

Naomba nitoke kidogo nje ya njia, kisha nitarudi. Wapo watu, hasa huko Italia, walioupinga mchezo huu kwa kuwa unafanya mzaha na mabomu ya kutegwa ardhini, na toleo la Windows Vista la mwaka 2007 likampa mchezaji hiari ya kutumia maua badala ya mabomu. Nilipokuwa kijana ningewacheka. Sasa siwacheki. Jirani zetu wa Msumbiji waliishi na mabomu hayo tangu vita, na nchi yao ilitangazwa kuwa imesafishwa mwaka 2015 tu. Na katika kusafisha huko walikuwapo wafanyakazi kutoka kwetu, nao ni panya. Shirika la APOPO, lililo Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000, huwafundisha panya buku kunusa baruti. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia akagundua mabomu na baruti zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya wanyama huko Uingereza. Alikufa mwaka 2022. Vijana wanacheka, lakini ni nani hapa mwenye nishani ya dhahabu?

Nilikwenda Morogoro kuwaangalia. Panya hufungwa kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, akaenda upande huu na kurudi upande ule, mstari baada ya mstari, hakuna ukanda unaorukwa. Ni mwepesi, kwa hiyo halipui bomu. Akinusa baruti anakwaruza ardhi, anapewa ndizi. Eneo la kiwanja cha tenisi analimaliza kwa nusu saa, ambapo mtu mwenye chombo cha kutambua chuma angeweza kuchukua hadi siku nne. Lakini kilichonishika ni hatua inayofuata. Panya akikwaruza, mahali pale panatiwa alama tu, na baadaye mtu anakwenda na chombo chake kuchimba polepole na kuona kwa macho. Na kabla panya hajaruhusiwa kwenda kazini hujaribiwa katika uwanja ambao waliofukia wanajua kila kilipo. Mimi nilikuwa nikicheza kwa kipanya. Wao walikuwa na panya, na hawakubahatisha.

Namalizia, maana Katibu ananitazama. Mchezo bado naucheza, nyumbani, baada ya chakula. Ile miraba miwili ya mwisho ikinifika, naibofya kama zamani, kwa kuwa huo ni mchezo. Kwenye meza yangu ya kazi nina mhuri niliouchongesha kwa fedha yangu, umeandikwa "HAIJAKAGULIWA", na vijana wa ofisini wanaulalamikia kwamba unachelewesha kazi. Wana haki, unachelewesha.

Kwa wanafunzi nimeacha fumbo ubaoni. Namba ni nne katika safu: 1, 2, 2, 1. Ukuta uko juu, chini kote kumefunguliwa, kama lile la mwanzo. Semeni mabomu yako juu ya namba zipi. Nitakuwa meza ile ya dirishani wakati wa chakula. Atakayeniletea jibu aje na daftari, kwa sababu nitamuuliza swali moja, na wazee wa darasa langu wanalijua swali lenyewe.