Kabla ya Simba Queens: Timu 12 na Njia ya Wapagazi

Mhadhara wa umma uliotolewa Choma, mkoani Tabora



Mada niliyokuwa nimeiandaa ilihusu bei ya pembe za ndovu katika utemi wa zamani wa Unyanyembe, hapa Tabora. Nimeiweka kando kwa sababu ya mwanazuoni mwenzangu mmoja, ambaye simtaji jina kwa kuwa bado tunakula meza moja. Amesema hadharani kwamba soka la kulipwa la wanawake nchini Tanzania lina mzazi mmoja tu, Simba Queens, timu ya wanawake ya klabu ya Simba, na kwamba kabla yake palikuwa na wasichana wanaopenda mpira, basi. Hoja hiyo naisikia pia redioni kila msimu unapofunguliwa. Leo nataka niimalize.

Nianze na ukurasa mmoja ninaoupenda kuliko vitabu vingi: makundi ya msimu wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake, 2016/17. Naomba mnivumilie niusome wote. Kundi A: Mlandizi Queens ya Pwani, JKT Queens, Evergreen na Mburahati Queens za Dar es Salaam, Fair Play ya Tanga, Viva Queens ya Mtwara. Kundi B: Marsh ya Mwanza, Panama ya Iringa, Baobab Queens ya Dodoma, Majengo ya Singida, Victoria Queens ya Kagera na Sisters ya Kigoma. Timu 12. Simba haimo. Yanga haimo. Nusu nzima ya ligi ni timu za mikoa iliyo mbali na pwani, na timu tatu tu ndizo za Dar es Salaam. Ukurasa huu unapaswa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha habari, maana kila jina lililomo lina watu waliokaa wakachangishana nauli, wakatafuta jezi, wakabisha hodi kwa wazazi kuomba binti aruhusiwe kusafiri siku mbili kwa basi.

Bingwa wa kwanza, 2017, alikuwa Mlandizi Queens. JKT Queens wakachukua 2018, wakarudia 2019. Simba Queens wakalitwaa kombe mara ya kwanza 2020. Mzazi gani huyu anayekuja mjini baada ya watoto wake kuoa na kuolewa?

Tena ligi yenyewe haikuwa mwanzo. Mashindano ya kwanza ya CECAFA, yaani ya Afrika Mashariki na Kati, kwa wanawake yalichezwa 1986, na Zanzibar ikawa bingwa. Visiwani kulikuwa na timu ya Women Fighters, ambao Florence Ayisi aliwatengenezea filamu yake ya 2007. Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, walicheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini 2010, chini ya Charles Boniface Mkwasa. Septemba 2016, Uganda, waliifunga Kenya 2-1 wakawa mabingwa wa ukanda huu, na ligi kuu ya wanawake nyumbani ilikuwa bado haijaanza. Wachezaji wale walitoka wapi, kama si kwenye hizo timu zinazoitwa za kujifurahisha?

Mwenzangu ana jibu, nami nalijua kwa sababu amenipa mara nyingi. Anasema: zilikuwepo, lakini hazikuwa za kulipwa, mshahara ndio unaotenganisha kazi na mchezo. Sawa, tuupime mshahara. JKT Queens ni timu ya jeshi. Wengi wa wachezaji wake ni askari wenye ajira, kambi, chakula na muda wa mazoezi. Hiyo isipokuwa soka la kulipwa, basi sijui kulipwa ni nini.

Na zile nyingine, zilizocheza kwa nauli na posho? Hapa ndipo mwanahistoria wa Tabora anaponyanyuka kitini. Tumo katika nchi ya wapagazi. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu kazi ya misafara, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya Ujiji na Bagamoyo hawakuwa watumwa wala vibarua wa kubahatisha. Walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi: waliopatana ujira kabla ya kuondoka, waliojua haki zao, waliogoma posho ilipopungua, waliokuwa na heshima ya kazi yao. Walilipwa kwa vitambaa na shanga. Kitabu hicho nakisoma upya kila masika, na sura ninayoitumia zaidi ni ile inayowaonyesha wanawake wakiwa safarini pamoja na wanaume, wakibeba na kupika, na wengine wakifanya biashara zao wenyewe. Hakuna mwanahistoria makini leo anayethubutu kusema mpagazi hakuwa mfanyakazi kwa vile hakupokea hundi mwisho wa mwezi. Kwa nini basi binti wa Singida aliyecheza kwa chakula na nauli apimwe kwa kipimo kingine?

Vipaji navyo vilikuwepo kabla ya klabu kubwa; kilichokosekana ni ruhusa. Mimi nilikulia hapa Choma, na mlinda mlango bora niliyemwona utotoni alikuwa dada yangu, kwenye chandimu nyuma ya ghala la pamba. Shuleni mwalimu alimtoa uwanjani akampeleka kwenye netiboli. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anarithisha alichorithi: chama cha soka cha Uingereza kilipiga marufuku wanawake kwenye viwanja vya klabu zake Desemba 1921, mwaka mmoja baada ya timu ya kiwanda ya Dick, Kerr Ladies kujaza watu 53,000 pale Goodison Park. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50, na katika miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa wakitupangia michezo ya shule.

Nimpe mwenzangu haki yake. Mwaka 2022 Simba Queens walitwaa ubingwa wa klabu wa CECAFA kwa kuifunga She Corporates ya Uganda 1-0, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika, wakazifunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia, wakamaliza wa nne Afrika. Fedha yao iliwaleta Wakenya kama Jentrix Shikangwa, na ligi nzima ikapanda kiwango. Hilo ni kubwa. Lakini mwaka uliotangulia, kwenye mashindano hayo ya CECAFA kule Nairobi, walioitoa Simba Queens kwenye nusu fainali ni Vihiga Queens, klabu ya kaunti ya magharibi mwa Kenya, isiyobebwa na jina la klabu kubwa kama Gor Mahia au AFC Leopards. Na 2023 ubingwa huo wa CECAFA ulikwenda kwa JKT Queens. Jina kubwa husaidia. Halizai peke yake.

Sasa dhana yangu, ambayo wanafunzi wangu wameichoka. Rudini kwenye ule ukurasa: Kigoma, Singida, Dodoma, Pwani. Ni njia ya misafara, kutoka ziwani hadi karibu na Bagamoyo, na bingwa wa kwanza akatoka upande wa pwani. Nasema watu waliozoea kuona wageni wakipita na vijana wao wakiondoka hawashangai sana binti akifunga begi. Wapo wanaoniambia kwamba Mtwara na Kagera haziko njiani, na kweli haziko. Wanasema reli na barabara zinatosha kueleza yote, na huenda zinatosha. Halafu wananibana kwa lililo gumu zaidi: Tabora, kituo kikuu cha njia yote, haina timu katika orodha hiyo. Nimelipima hilo kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba Tabora siku zote ilikuwa mahali pa kuajiri wapagazi, na aliyeajiriwa huonekana kwenye daftari la mwisho wa safari. Naendelea kuamini hivyo, na anayetaka kunipinga aanze kwa kuniletea fomu za usajili za zile timu 12, azisome sehemu ya mahali pa kuzaliwa.