Pikapu ya Kikundi Ikianza Kuyumba

Hilux yetu kuukuu ilipoanza kuvuta kushoto tulinunua tairi mpya. Miezi mitatu baadaye, zimelika upande mmoja tena. Pesa za maziwa hizo!

Ndipo tukazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, tukaweka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu. Ukiiweka chini ya chesisi springi husukuma jointi, uchakavu usionekane. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, ni boli jointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, angalia tairodi. Boli jointi zetu zilikuwa zimekwisha kabisa. Moja ingechomoka, gurudumu lingelala ubavu na kina mama wako nyuma na mitungi.

Fundi mmoja alitaka kuzichomelea. Tukakataa, tukanunua mpya. Kabla ya kutoa tairodi, hesabu mizunguko, urudishe mpya kwa hesabu hiyo hiyo. Kotapini ziwe mpya. Bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo zitapasuka upesi. Halafu lipelekwe mjini magurudumu yanyooshwe kwa mashine. Mweka hazina alinung'unika sana kulipia hiyo, lakini tairi za sasa zinalika sawasawa.