Warsha ya Kompyuta Iwafuate Vijana Vijijini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nashukuru kupewa nafasi hii kabla hamjapiga kura juu ya pendekezo la kutumia sehemu ya mfuko wa elimu kwa warsha ya kuhamahama ya sanaa za kompyuta kwa vijana wetu. Najua wengine mnauliza: mbolea haijatosha, picha za kompyuta zitamfaa nini mkulima? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa.

Gari la picha si jambo geni kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 filamu zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, zikatembezwa kwa lori na kuonyeshwa vijijini. Wananchi walicheza humo, lakini walioamua kisemwe nini walikuwa wageni. Leo kijana ana simu mfukoni, na bado anatazama kazi za wengine. Sisi tunataka awe mtengenezaji.

Vifaa si vya kutisha. Kompyuta 10 za mkononi, zenye kutumia wati 50 kila moja, huhitaji uniti 2 za umeme kwa saa 4. Betri mbili za volti 12, zenye uwezo wa saa-ampea 200 kila moja, zikichajiwa kwa jua zatosha bila kumalizwa kupita nusu. Programu kama Inkscape ya kuchora na Audacity ya kuhariri sauti hupatikana bure, na hufanya kazi pasipo intaneti.

Kazi yenyewe hufundisha ushirika. Vijana hufinyanga mtu wa udongo, humpiga picha, humsogeza kidogo, humpiga tena. Kwa picha 12 kila sekunde, filamu ya nusu dakika yataka picha 360. Mmoja asogeze, mwingine apige, wa tatu ahesabu. Akizembea mmoja, kazi ya wote imeharibika.

Faida yake je? Msimu mmoja chama nilichokitumikia kililipia nembo ya magunia mjini. Ilirudi na jina la kijiji limekosewa, nasi tukalipa mara ya pili. Kijana wetu mwenyewe asingelikosea jina la kwao.

Tena tumkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, aliyechora kwa rangi za baiskeli jijini Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972. Hakusomea uchoraji chuoni, lakini mtindo wake umeenea duniani, na waliomfuata waliona umuhimu wa kuungana katika chama cha ushirika. Mchoraji aliye peke yake hupangiwa bei, kama alivyopangiwa mkulima kabla ya ushirika.

Hata hivyo, warsha inayokuja juma moja na kutoweka huacha vumbi tu. Kwa hiyo nawaomba Makatibu mkubali masharti haya. Kwanza, ghala litolewe msimu wa mavuno ukiisha. Pili, nusu ya nafasi ziwe za wasichana, na saa zipangwe baada ya kazi za shamba na za nyumbani. Tatu, gari lirudi kila robo mwaka, na kompyuta moja ibaki chini ya ulinzi wa chama. Nne, kazi ibaki mali ya kijana aliyeitengeneza, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Chama kikiitumia, kimlipe.

Ndugu Wanachama, mfuko wa elimu haukuwekwa kununua mbolea. Elimu, mafunzo na habari ni msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa mwaka 1995. Tukiuacha mfuko huo ulale, mbolea haitaongezeka hata mfuko mmoja. Lakini vijana watazidi kuondoka, na daftari la wanachama litabaki na majina ya wazee peke yao.

Kura ni yenu.