Kitenzi cha Kiingereza katika Sikio Lililolelewa na Kifaransa



Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne tu. Chukueni “work”: work, works, worked, working. Basi. Aliyesoma kwa Kifaransa, akakaririshwa majedwali ya vitenzi ya Bescherelle yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1842, akiyaona manne hayo hucheka. Kisha anaandika insha, nayo inarudi imejaa wino mwekundu.

Tunalaumu kumbukumbu, ilhali tatizo liko sikioni. Kifaransa huandika mengi na kutamka machache. Katika wakati uliopo, “travailler” ina maumbo matano kwenye karatasi: travaille, travailles, travaillons, travaillez, travaillent. Yatamkeni, yanabaki matatu. La kwanza, la pili na la mwisho husikika vilevile. Mwanafunzi huyu amezoea kwamba s ya mwishoni mwa kitenzi ni ya kuandikwa tu. Halafu anakutana na lugha ambayo, katika wakati huohuo, haina alama nyingine ya nafsi ila s hiyo, tena ya nafsi ya tatu umoja peke yake. Anaandika “she work”, anajisomea, hasikii pungufu lolote. Akiuliza swali, mambo yanazidi: s inahamia kwenye “does”, na yeye, kwa kuogopa kuisahau, anaiweka kote kuwili.

Kwa wakati uliopita kosa linageuka. Alichokuwa akikimeza sasa anakitamka kupita kiasi: “worked” inakuwa silabi mbili, ingawa mwisho wake ni t tupu. Katika “played” ni d. Ni “wanted” na wenzake wanaoishia kwa t au d ndio huongeza silabi.

Lakini kosa sugu kuliko yote ni “I have worked yesterday”. Kila umbo hapo ni sahihi. Sentensi ndiyo mbovu, kwa kuwa imefuata “j'ai travaillé hier” hatua kwa hatua. Jedwali haliwezi kuliona. Mwanafunzi wa Bukavu au Bujumbura anayejua Kiswahili tayari ana tofauti inayotakiwa: “nimefanya kazi” na “nilifanya kazi jana”. Ana pia “hufanya” na “anafanya”, mahali ambapo Kifaransa kinaridhika na “travaille”. Mwalimu anayempitisha kwenye Kifaransa peke yake anamzungusha bure.

Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, walimu wengi walijikuta wakifundisha hesabu kwa lugha waliyokuwa bado wanajifunza. Mwalimu wa namna hiyo ningempa zoezi moja kabla ya jedwali lolote. Asome “they work here”, kisha “they worked here”, kwa mwendo wa kawaida. Darasa lifumbe macho, na anayesikia wakati uliopita anyooshe mkono.