Uji wa Baada ya Matanga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), nataka nizungumze nawe jambo la jikoni. Usicheke, nisikilize kwanza.

Babangu alifariki mwezi wa Rajab, mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni. Siku tatu za matanga nyumba ilijaa watu, masinia ya pilau yakiingia kutoka kwa majirani. Hiyo ni Sunna. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipokufa shahidi vitani Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wake wapikiwe, kwani walikuwa wameshughulishwa na msiba.

Siku ya nne watu wakaenda zao. Mama akawa hapiki, halali; akimaliza kuswali anarudi kitandani. Ramadhan ikaingia, tukawa twafuturu chai na mkate wa duka. Nasi tukinong'ona ati imani yake imepungua. Subhanallah! Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Nani atasema alipungukiwa na imani?

Ndipo nikakumbuka darasa la hadithi madrasani. Bi Aisha (r.a.) akifiliwa na mtu wa kwao, wanawake wakishatawanyika wakabaki wenyewe wa nyumbani, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina. Alimsikia Mtume akieleza kuwa inaupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama wakati wake: ni baada ya watu kuondoka. Tazama pia kwamba ni baadhi ya huzuni, si yote.

Talbina ni uji wa shayiri tu. Vuruga vijiko viwili vya unga kwa kikombe cha maji baridi, teleka moto mdogo kama robo saa huku ukikoroga, tia maziwa, epua, malizia na asali. Wangu wa kwanza ulifanya madonge. Mama akaonja, akaniuliza, "Mwanangu, huu ni uji au udongo?" Wallahi, tangu msiba sikuwa nimemsikia akitania. Kesho yake akaja kusimama mlangoni kunielekeza. Wiki ya pili akashika mwiko mwenyewe.

Sisemi uji ulimponya. Naona kilichomsaidia ni kwamba kila siku baada ya Alasiri palikuwa na kazi ndogo, na mtu wa kuifanya naye. Daku, swala tano, futari: siku yetu imeshapangwa. Mwenye huzuni huenda asiweze kuubeba mwezi mzima, lakini aweza kujikongoja mpaka Maghrib.

Kijana wa kiume, usiseme jikoni si pako. Bi Aisha alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka. Na ukiona mtu wako wiki zinapita hali wala halali, au ataja kujidhuru, mpeleke hospitali upesi. Kutafuta dawa pia ni Sunna.

Basi Ramadhan hii, ikumbuke nyumba moja mtaani kwako ambayo matanga yameisha na wageni wameondoka. Piga hodi na bakuli lako, hata kama uji una madonge.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.