Bei ya Dawa na Haki ya Mgonjwa



Waheshimiwa mapadre, watawa, nanyi ndugu viongozi wa walei,

Nimeombwa kusema nanyi juu ya uchumi wa afya, elimu ambayo wengi huisikia kwa mashaka, kana kwamba kazi yake ni kuutia uhai bei. Shaka hiyo ina msingi. Nchini Uingereza chombo kiitwacho NICE, kilichoundwa mwaka 1999, huipima dawa mpya kwa kuuliza italeta miaka mingapi ya uhai wenye afya, na kwa fedha kiasi gani. Kwa muda mrefu kipimo chake kilikuwa paundi 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa uhai wa namna hiyo. Maneno makavu haya! Hata hivyo fedha ya umma ina kikomo, na shilingi iliyotumika katika wodi hii haitumiki tena katika wodi ile. Msimamizi mwaminifu hana budi kuhesabu. Swali langu ni jingine: bei hizo wanazozipima wataalamu hutoka wapi?

Tuitazame dawa moja, imatinib, inayotibu aina ya saratani ya damu ambayo mwanzoni huenda polepole, kisha huua. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Kabla yake mgonjwa alitegemea kupandikizwa uboho, au sindano za interferoni zenye kuchosha mno. Kwa vidonge vya kila siku, wengi sasa huishi miaka inayokaribia ile ya watu wasio na ugonjwa huo. Wanasayansi walioigundua, na kampuni ya Novartis iliyoitengeneza, wanastahili sifa.

Lakini mwanzoni dawa ya mwaka mzima iligharimu Marekani dola zipatazo 30,000, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa imepanda hadi dola 92,000 hivi. Dawa ilikuwa ileile. Mwaka 2013 mabingwa zaidi ya 100 wa ugonjwa huu, watu waliozoea kuiandikia wagonjwa wao, waliandika kwa pamoja katika jarida la Blood wakizilalamikia bei hizo. Nao watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2016 walikadiria kuwa dawa ya mwaka mzima ingeweza kutengenezwa na kuuzwa, pamoja na faida, kwa dola 128 hadi 216.

Basi ndugu zangu, tuambiwapo kwamba tiba fulani “haifai kwa gharama yake,” tuwe wepesi wa kuuliza: kwa bei ya nani? Hesabu yaweza kuwa sahihi kabisa, huku bei iliyowekwa ndani yake ikiwa dhuluma.

Tofauti ilionekana India. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliinyima Novartis hataza ya dawa hiyo, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Wakati huo Glivec ya kampuni iliuzwa huko takriban dola 2,600 kwa mwezi. Ile ya viwanda vya India, takriban dola 175.

Haki inanitaka niongeze jambo. Tangu 2002 kampuni hiyohiyo imewagawia bure wagonjwa maskini wa nchi nyingi dawa hii, na hata wagonjwa wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wameipata kwa njia hiyo. Tunashukuru. Ila hisani hudumu kadiri mtoaji apendavyo, na mgonjwa huyu huhitaji kidonge kila siku, kwa miaka. Papa Paulo VI alifundisha mwaka 1967, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, kwamba haki ya kumiliki mali haina ukamilifu usio na masharti. Sioni kwa nini hataza iwe nje ya mafundisho hayo.

Tena dawa ya bure ina gharama zake: nauli ya kwenda mjini, mahali pa kulala, vipimo vya damu, shamba lililoachwa bila kupaliliwa. Gharama hizi zisipoandikwa, hazimo katika hesabu ya mtu yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kikao chetu kijacho, naomba kila jumuiya iketi na familia zenye mgonjwa wa saratani au wa selimundu, zikiridhia, na kuandika zilichotumia kwa mwezi mmoja. Majina yasiandikwe. Karatasi zikabidhiwe kwa katibu wa parokia.