Mwanachama wa Jina na Mwanachama wa Vitendo

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi

Askari aliyewahi kusimama gwarideni hahitaji kuelezwa kazi ya bendi. Anajua kwamba mguu wa kushoto wa kikosi kizima hukanyaga chini kwa pamoja kwa sababu ngoma kubwa imelia mahali pake, na kwamba ngoma hiyo ikikosea pigo moja tu, safu huyumba mbele ya mgeni wa heshima. Lakini ni askari wachache waliopata kujiuliza mpiga ngoma yule alishika vijiti kwa mara ya kwanza mahali gani, na kwa mkono wa nani. Wapo walioanzia jeshini. Wapo pia walioanzia katika bendi ya shule, chini ya mwalimu mmoja mwenye subira nyingi na vyombo vichache.

Mazungumzo ya leo yanawahusu walimu wa namna hiyo: wale wa Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, na wale wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya jirani ya Isingiro. Swali lenyewe ni moja. Je, yafaa mwalimu wa bendi ya shule akae na tarumbeta lake peke yake, au yampasa kuingia katika chama cha wenzake wa kazi? Na akiisha kuingia, je, atoshe kuwa jina katika daftari?

Nakivale si mahali pageni katika masikio ya askari wa magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipopokelewa watu waliokimbia machafuko ya Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika bara la Afrika. Leo yana watu zaidi ya 100,000, waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sehemu zake kubwa, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, zina shule ambamo mtoto wa Kivu hukaa dawati moja na mtoto wa Bujumbura, na mtoto mwenyeji wa Isingiro huketi nyuma yao. Wazazi wa watoto hao huenda walikimbiana. Lakini katika bendi hawana budi kuvuta pumzi pamoja, kuanza pamoja na kunyamaza pamoja. Hiyo ni kazi ya amani, wala haihitaji hotuba.

Basi hebu ifikiriwe hali ya mwalimu anayeifanya kazi hiyo bila mwenzake wa kumwuliza. Kibonyezo cha tarumbeta kimekwama, na fundi hayupo karibu. Ngozi ya ngoma imepasuka siku mbili kabla ya sherehe. Kijana aliyekuwa mpigaji hodari amemaliza darasa la saba na kuondoka, na wa kumrithi hajaandaliwa. Mwalimu mwenyewe akihamishwa au akipata makao katika nchi nyingine, kama inavyowatokea wakimbizi, vyombo hufungiwa ghalani, panya hukata mifuko, na baada ya mwaka mmoja shule husema kwamba zamani ilikuwa na bendi. Kilichokufa hapo ni kazi ya miaka mingi, nayo imekufa kwa sababu ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Historia ya majeshi yenyewe ina fundisho kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, jeshi la Uingereza lilifanya gwaride huko Scutari, nchini Uturuki, kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Bendi zipatazo ishirini za vikosi mbalimbali zilianza kupiga wimbo wa taifa. Kila bendi ilikuwa na mpango wake wa muziki na kiwango chake cha sauti, maana kila kikosi kilikuwa kimejitafutia kiongozi wake wa bendi na kumwachia afanye apendavyo. Matokeo yake yalikuwa makelele, tena mbele ya majeshi ya mataifa rafiki. Duke wa Cambridge, binamu yake Malkia, alikuwapo na kuyasikia. Kutokana na aibu hiyo, mwaka 1857 kilifunguliwa chuo cha muziki wa jeshi huko Kneller Hall, karibu na London, ili viongozi wa bendi wafundishwe mahali pamoja na kwa kanuni moja. Chuo kilikaa hapo hadi mwaka 2021, kilipohamishiwa Portsmouth. Kosa la Scutari halikuwa la mpigaji mmoja asiyejua kazi. Lilikuwa kosa la watu wa kazi moja ambao hawakuwa wamekutana.

Wala fundisho hilo si la Ulaya peke yake. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mwishoni mwa karne ya 19, ilizuka ngoma ya beni, iliyochukua jina na mwenendo wake kutoka bendi za kijeshi. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliisambaza bara, kwa miguu ya askari na wapagazi waliotembea nchi kwa nchi. Wachezaji wa beni walikuwa na vyama, na vilivyojulikana zaidi vilikuwa Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilikuwa na vyeo, ada na sheria. Lakini nguvu yao haikuwa katika vyeo hivyo vya kujipachika. Mwanachama aliyefika mji mgeni alipokewa na wenziwe, aliyeugua alitazamwa, aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima. Watu wale hawakuwa na ofisi wala mishahara, bali walielewa kwamba mtu wa muziki asiye na chama ni mgeni kila aendako.

Huko Marekani nako, mwaka 1929, kilianzishwa chama cha viongozi wa bendi kwa juhudi za Edwin Franko Goldman, na miongoni mwa waasisi walikuwamo wakuu wa bendi za jeshi. Shabaha zao zilikuwa za kikazi: kukubaliana ni vyombo gani vinavyofanya bendi kamili, na kuwashawishi watunzi wakubwa waandike muziki kwa ajili ya bendi. Mwaka 1953 walimu wa bendi za shule wa nchi hiyo walianzisha chama chao wenyewe, kwa sababu waliona kwamba shida za mwalimu wa watoto si sawa na shida za kiongozi wa bendi ya jeshi. Walimu wa Mbarara na Nakivale hawalazimiki kuiga kila jambo la Marekani. Lakini wazo lile linawahusu.

Ni nini basi kinachoweza kufanywa na chama cha walimu wa bendi za shule katika sehemu hizi? La kwanza ni vyombo. Shule moja haiwezi kumwita fundi kutoka mbali kwa ajili ya tarumbeta moja; shule kumi zaweza. La pili ni muziki wenyewe. Kila bendi ya shule haina budi kuujua wimbo wa taifa wa Uganda, uliotungwa na George Wilberforce Kakoma na kutumika tangu uhuru wa mwaka 1962. Yafaa pia iujue wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliopitishwa mwaka 2010, ambao maneno yake ni ya Kiswahili. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, na Somalia ikafuata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya watoto wa Nakivale ni watoto wa Jumuiya hiyo hiyo. Walimu wakikubaliana juu ya mpango mmoja wa nota, shule za Mbarara na za Nakivale zaweza kupiga wimbo huo kwa pamoja katika uwanja mmoja bila kurudia aibu ya Scutari.

La tatu ni mavazi, nalo linawagusa wasikilizaji wa leo moja kwa moja. Bendi nyingi za shule hupenda kuvaa kama askari: kofia za bereti, mikanda na nembo za mabegani. Lakini mwaka 2019 mavazi rasmi ya jeshi yalitangazwa katika gazeti la serikali, ikiwamo bereti nyekundu, na raia anayeyavaa bila ruhusa huwa amevunja sheria. Mwalimu aliye peke yake hununua kitambaa kinachompendeza, kisha hushangaa polisi wakimsimamisha. Chama chaweza kukaa na wakuu wa jeshi na polisi, kikaonyeshwa lipi limekatazwa, na kuwachagulia watoto mavazi ya heshima yasiyoleta matata.

La nne ni fedha. Bendi za shule hualikwa harusini, kanisani, kwenye mahafali na mikutano. Je, malipo ni ya nani? Mtoto apige saa ngapi kwenye jua? Nani atamrudisha nyumbani usiku ukiingia? Pasipo kanuni, mwalimu mwema hushukiwa na mwalimu mbaya hufichika. Pakiwapo kanuni zilizokubaliwa na wote, mzazi hujua la kuuliza na mwalimu hujua la kujibu.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mkimbizi hana nafasi katika chama. Hilo si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa wala vya kutafuta faida, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Sheria hiyo hiyo inampa uhuru wa kwenda huku na huku nchini, kwa mipaka ya haki iliyowekwa na sheria. Kwa hiyo polisi wa kizuizini anayemkuta mwalimu wa Nakivale amebeba tromboni ndani ya gunia, akielekea Mbarara kwenye mkutano wa wenzake, amekutana na mtu aliyomo katika haki yake. Akague kama kazi yake inavyomtaka, kisha amwache apite kwa adabu. Mkutano ukimpita mwalimu huyo kwa sababu ya kucheleweshwa ovyo, hasara ni ya watoto.

Hata hivyo, kujiandikisha hakutoshi. Kila askari anajua tofauti kati ya nguvu ya kikosi kama ilivyoandikwa katika karatasi na nguvu yake asubuhi ya kuhesabiwa. Chama chaweza kuwa na wanachama sitini daftarini na watano mkutanoni. Hao watano ndio watakaochagua viongozi, ndio watakaoamua ada, na mmoja wao ndiye atakayeshika fedha bila mtu wa kumwuliza. Baadaye fedha zikipotea, wale hamsini na watano husema kwamba vyama vyote ni vya wezi. Lakini mlango uliachwa wazi na nani? Dawa ya mweka hazina asiyeaminika ni wanachama wanaofika, wanaosoma hesabu, na wanaothubutu kuuliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vilivyokunjwa mfukoni havivunji pia.

Malalamiko ya walimu hayapaswi kudharauliwa. Ada ni mzigo kwa mtu mwenye posho ndogo. Nauli ya kutoka Nakivale hadi Mbarara ni fedha, na siku ya mkutano ni siku ya shamba. Tena vyama vingi hutawaliwa na watu wa mjini. Majibu yapo, mradi yatafutwe kwa haki. Mkutano waweza kufanywa Mbarara mara hii na Nakivale mara ijayo. Ada yaweza kulipwa kidogo kidogo, au kwa kazi, kama vile kutengeneza chombo cha shule nyingine au kunakili nota. Katibu aweza kuwa wa mjini na mweka hazina wa makazi. Na kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkongo, Mrundi na Mganda wa kambini, kumbukumbu za mkutano ziandikwe katika lugha ambayo kila mwanachama ataielewa.

Askari nao wana sehemu yao. Katika kambi na vituo wamo wapiga bendi wanaokaribia kustaafu, watu waliojifunza kwa miaka mingi jinsi ya kuosha tarumbeta, kukaza ngoma na kumfundisha kijana kusoma nota. Ujuzi huo ukienda shambani pamoja na mwenyewe, taifa limeutupa. Mstaafu mmoja akitoa Jumamosi moja kwa mwezi kwa bendi ya shule, na akaifanya kazi hiyo kupitia chama ili asiingilie wala asishukiwe, atakuwa ameongeza miaka ya utumishi wake bila kuvaa sare. Na askari aliye mzazi, mtoto wake akiwa katika bendi, aweza kumwuliza mwalimu swali moja jepesi: mkutano wa mwisho wa chama chenu ulikuwa lini, na je, ulihudhuria?

Swali hilo ni dogo, lakini mwalimu atakayeulizwa na wazazi kumi atatafuta jibu. Akihudhuria, atarudi na jina la fundi, nota za wimbo mpya, na rafiki wa kuiangalia bendi siku atakapohama. Hapo ghala la shule halitafungwa, na mtoto aliyekuja Nakivale bila kitu mikononi atakuta ngoma imekazwa, inamngoja.